Nafunga Duka, Nakuja

Niseme mapema ili tusije kulaumiana: mimi subira sina. Baba ndiye aliyenipa jina la Kiberiti nikiwa bado na meno ya utotoni, na jina likanikaa. Nawaka haraka, nazimika haraka, kisha nabaki na moshi wa kujuta. Na Mungu naye ana utani wake, maana mtu kama mimi akapewa kazi ya kukaa mbele ya kompyuta kutwa nzima akitafuta kwa nini programu za watu zinakwenda kama zimebeba mawe. Mteja anapiga simu, "Programu yetu imekuwa nzito," nami naingia kwenye seva yake, yaani ile kompyuta kubwa iliyo mbali ambako programu inafanyia kazi. Napima, naona inapokwama, narekebisha. Kazi hii naijua, wala sijisifu bure. Ndiyo maana yaliyotokea nyumbani kwetu bado yananichoma.

Baba alikuwa kinyozi, na watu walimwita Wembe. Wageni walidhani ni kwa sababu ya kazi yake, lakini waliomzoea walijua kuwa wembe wenyewe ni ulimi. Unaingia dukani na shida zako zote, unakaa kwenye kile kiti cha ngozi iliyochanika, na kabla hajakufunga shuka shingoni ameshakupiga kijembe umesahau ulichokuja nacho. Alikuwa na rafiki mmoja ambaye kichwani hana unywele hata wa dawa, na bado alifika dukani kila siku iendayo kwa Mungu. Tulimwita Kipara, na mwenyewe aliitika. Ukimuuliza anafuata nini kwa kinyozi, anakujibu, "Nafuata matusi yangu ya leo."

Na jioni, akiwa anafunga duka, baba alimtumia mama ujumbe wa sauti kwenye simu. Kila jioni maneno ni yale yale: "Mama Kiberiti, nafunga duka, nakuja." Duka lenyewe lilikuwa mtaa wa pili tu, ukipiga chafya huku unasikika kule. Kaka yangu, ambaye ndiye mtoto wa kwanza, alilalamika miaka nenda rudi kwa nini mama haitwi kwa jina lake yeye, mkubwa. Mama hakujali anaitwa nani. Alijibu kwa sauti kubwa, kana kwamba simu ni dirisha, "Usichelewe!" Kisha akabandika maji ya kuoga.

Halafu kiharusi kikampiga baba.

Mkono wa kulia ulilegea, mguu ukawa wa kuburuta, na maneno yakakwama. Akili haikuguswa. Anasikia, anaelewa, anasoma gazeti na kulisonya kama zamani. Ila akifungua mdomo inatoka "a-a" tu, na mwenyewe akiisikia hufumba macho kwa aibu. Duka likafungwa. Kiti cha ngozi kikahamia sebuleni kwetu, na Kipara akahamia pamoja nacho.

Kliniki ilitupa mwalimu wa matamshi, dada mmoja mpole anayevaa raba nyeupe, naye akatuazima tableti ya kuzungumzia. Unaandika neno, inalisema. Lakini ilisema kwa sauti ya mwanamke fulani asiyejua furaha wala huzuni, kama yule anayekwambia lifti imefika ghorofa ya tatu. Baba aliisikiliza mara moja akaisukuma. Nikawaka. Wembe asemewe na lifti? Haiwezekani! Nikajifungia chumbani na kompyuta yangu, nikaandika programu ya baba peke yake, ya kuwekwa kwenye tableti ile ile.

Niliomba kila mtu aliyewahi kupokea ujumbe wa sauti wa baba anipe. Ndugu wakatoa, wateja wakatoa, Kipara akatoa za kwake zote, nyingi zikiwa hazifai kusikilizwa mbele ya watoto. Nikaziweka kwenye seva niliyoikodi, iko nchi ambayo sijawahi kukanyaga. Baba anaandika kwa kidole cha kushoto, anabonyeza Sema, maneno yanasafiri hadi kule. Kule programu inatafuta kwanza: je, aliwahi kusema maneno haya? Kama aliwahi, inarudisha sauti yake yenyewe. Kama hakuwahi, inaokota vipande vya sauti yake inaviunga. Wanafamilia nao nikawawekea programu hiyo kwenye simu zao, ina vitufe viwili vikubwa: Sikiliza na Hifadhi. Ukipata sauti nyingine ya baba, unaihifadhi, inakwenda kuungana na zile.

Siku ya kwanza baba aliandika taratibu sana, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuchora. Akabonyeza. Sauti yake, ile ile yenye mkwaruzo, ikajaa sebuleni: "Kipara, geuza kichwa, kinanimulika."

Kipara alicheka mpaka akalia, kisha akalia kabisa, na sisi wote tukamfuata. Mama alitoka nje akidai anaanua nguo, na siku ile hatukuwa tumefua.

Tangu hapo baba alikuwa na utaratibu wake. Kuandika kulimchosha, kwa hiyo vijembe vyake aliviandika asubuhi, akaviweka tayari kwenye kioo cha tableti jinsi alivyokuwa akipanga vifaa vyake dukani. Kipara akifika, baba anasubiri nafasi. Mtu akisema neno linaloendana, anabonyeza. Hapo ndipo utamu ulipokuwa. Kijembe hakiandaliwi tu, kinatupwa kwa wakati wake, na baba hakuwahi kukosea wakati.

Kisha programu ikaanza kuwa nzito. Mwanzoni ilikuwa kidogo, kama mtu anayemeza mate kabla ya kujibu. Baadaye ikawa unabonyeza, unangoja, mazungumzo yanasonga, na sauti inakuja watu wakiwa wameshahamia jambo jingine. Baba akisema "Karibu," mgeni ameshakaa na kunywa maji. Tukajifunza kunyamaza tukimngoja, wote tunamtazama, naye hakuna kitu alichokichukia kama kutazamwa vile.

Siku iliyoharibu kila kitu, Kipara alikuja na suruali mpya akijigamba. Baba akabonyeza kijembe. Kimya. Kipara akaendelea, habari za suruali zikaisha, akakaa, uso ukabadilika, akaanza kutueleza kuwa dada yake amerudishwa kutoka hospitali, madaktari wamesema wamuuguze tu nyumbani. Sauti yake ikakatika. Ndipo spika ikasema, kwa furaha yote ya baba, "Hiyo nayo mwisho wake ni kufutia meza!"

Kipara alijua. Alimshika baba bega akasema, "Ndugu yangu, najua ni ya suruali." Lakini baba alikuwa amejikunja kwenye kiti chake, anatikisa kichwa, "a-a, a-a," machozi yanamtoka. Alipotulia aliifunika tableti kifudifudi mezani. Hakuigusa tena. Mwalimu alipokuja, baba alimsogezea kwa mkono wa kushoto: chukua. Mwalimu akanivuta pembeni. "Kuna mama mwingine anangoja kifaa," akasema. "Siwezi kukiacha kikae bure. Nipeni mpaka Ijumaa. Akikitumia, kinabaki. Asipokitumia, nitakichukua, na sitamlaumu."

Basi nikawa nimebakiwa na siku chache za kumrudishia baba ulimi wake.

Kaka, ambaye ni fundi umeme na anaamini kila ugonjwa duniani unatokana na waya, alisema tatizo ni intaneti. Akapanda juu ya paa, akahamisha antena, akashuka na vumbi na ushindi. Hakuna kilichobadilika. Nikamwambia aliyoyafanya juu ya paa hata kunguru wanayafanya. Akaniambia kama mimi ni fundi kweli, nitengeneze. Tukanuniana.

Mimi nikadhani ni ile sehemu ya kuunga vipande vya sauti. Kuunga sauti ni kazi nzito, kila mtu anajua. Nikaiandika upya yote, macho yakawa mekundu. Nikaijaribu kwenye kompyuta yangu chumbani: ikaruka kama swala! Nikaipeleka kwenye seva, nikabonyeza Sema kwenye tableti, nikangoja. Nikangoja. Mama akapita na ndoo, akarudi bila ndoo, ndipo ikasema.

Nilifika ofisini nikiwa nusu mtu. Mkuu wetu wa kazi ni mwanamama mwenye mvi tunayemwita Shangazi, kwa sababu anatufokea kama shangazi na anatuletea matunda kama shangazi. Nikamweleza yote. Alinisikiliza akimenya chungwa.

"Umepima?" akauliza.

"Kwenye kompyuta yangu inaruka..."

"Sikuuliza ya kompyuta yako. Mgonjwa yuko kwenye seva, wewe unampima joto jirani yake. Umepima kulekule, wakati baba yako anaitumia?"

Nikatikisa kichwa.

"Za wateja unapima," akasema, "ya baba yako unapiga ramli. Kinyozi hajinyoi, eh? Chukua chungwa, nenda nyumbani."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kweli bwana, kila mteja ninamwambia usikisie, na mimi nilikuwa nimekisia siku zote hizo kwa sababu ni baba, na kwa baba nilikuwa na haraka mno ya kusaidia hata nisitazame.

Sasa, kupima kwenyewe ni hivi. Kuna chombo unakiweka kule kwenye seva, kinachungulia programu ikiwa kazini, mara nyingi ndani ya kufumba na kufumbua, kama mama mkwe mdadisi: sasa hivi unafanya nini? Na sasa hivi? Na sasa? Kila jibu kinalikumbuka. Mwisho kinakuchorea mchoro wa vipande: kazi iliyokula muda mwingi ndiyo yenye kipande kipana. Mimi nakaa nyumbani na mchoro, programu inahangaika ng'ambo. Ila chombo hicho hakina cha kuchungulia kama hakuna anayezungumza. Ilibidi baba azungumze.

Asubuhi iliyofuata nilipiga magoti mbele ya kiti cha ngozi, nikaigeuza tableti ikatazama juu.

"Baba, shikamoo. Nakuomba useme kitu."

Akageuza uso.

"Chochote. Si kwa ajili ya mtu kusikia. Mimi nataka kuiona mashine inavyofanya ukisema."

Akanigeukia. Kisha kidole cha kushoto kikatembea, akabonyeza Sema kwa nguvu kama anaua mbu. Kwenye kompyuta yangu chombo kikaanza kuchungulia. Tulikaa mimi na yeye, mkono wangu juu ya goti lake, tukisikiliza nzi dirishani. Mwishowe ikasema: "Sitaki."

"Asante, baba! Tena."

Alikunja uso. Akabonyeza tena. Tukangoja. "Sitaki."

"Vizuri sana. Mara nyingine."

"Sitaki."

"Baba, unanisaidia kweli. Tena kidogo."

Alinikazia macho, nami nikamkazia, na nikaona pembe ya mdomo wake, ile nzima, inaanza kupanda. Hakuna binadamu aliyewahi kushukuriwa hivyo kwa kukataa. Akaandika kitu kingine, kirefu. Tukangoja sana, safari hii nikiwa nimelaza kichwa gotini kwake kama nilivyofanya nikiwa mdogo, na sauti ikaja: "Nilizaa mtoto au kupe?"

Nilicheka mpaka nikaogopa nitalia, nikakimbilia kwenye mchoro.

Kuunga sauti, kile nilichokipigania usiku na mchana, kilikuwa kipande chembamba kama ukucha. Kuisafirisha sauti nacho kilikuwa chembamba, kaka angefurahi asingefurahi. Kipande kipana, kilichokula karibu muda wote, kilikuwa kile cha kutafuta. Programu yangu, kila baba anapobonyeza Sema, ilikuwa inasikiliza upya rekodi zote tangu ya kwanza hadi ya mwisho ili kujua kama maneno hayo yamo. Zote, kila mara! Niliiandika hivyo wakati rekodi ni chache, nikijiambia nitarekebisha baadaye, na baadaye haikufika. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwenye kompyuta yangu ilikuwa inaruka kwa sababu kule nilikuwa na zile rekodi chache za mwanzo tu.

Lakini basi, kwa nini kwenye seva zimekuwa nyingi? Baba haongei, nani analeta rekodi mpya?

Nikafungua ya mwisho kufika, ya jana jioni. "Mama Kiberiti, nafunga duka, nakuja." Nikafungua iliyotangulia. "Mama Kiberiti, nafunga duka, nakuja." Nyingine, tena nyingine, nikaruka hadi za miezi iliyopita. Ni ile ile, pumzi ile ile katikati, kishindo kile kile cha kufuli mwishoni. Mamia kwa mamia, sauti moja. Na zote zilitoka simu moja, jua linapozama.

Nilikwenda jikoni. Mama alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga na sabuni, mgongo kwangu. Zamani ningeingia na moto wangu. Sijui niliupata wapi upole, nadhani ulibaki gotini kwa baba.

"Mama, ile sauti ya baba ya kufunga duka. Huwa unaisikiliza?"

Mikono ikasimama ndani ya maji.

"Jioni tu," akasema. "Ni vibaya?"

"Si vibaya, mama. Ukishasikiliza, unabonyeza Hifadhi?"

"Ndiyo. Isije ikaisha." Akageuka. "Ile simu yangu ya kwanza unakumbuka? Ilipokufa ilikufa na zote. Za miaka yote. Yule kijana wa kibandani akaniambia, mama, ulikuwa hukuhifadhi. Nimebaki na hii moja, ile iliyokuwa kwenye simu ya baba yako, ya siku moja kabla hajaugua. Kwa hiyo nikishaisikia nahifadhi. Na hiyo programu yako haisemi kama imehifadhi au haikuhifadhi, iko kimya tu. Nabonyeza mpaka moyo utulie."

Nikavuta kigoda nikakaa.

"Nimeharibu kitu?" mama akauliza. Alikuwa ananitazama jinsi baba alivyomtazama Kipara siku ile ya suruali. "Niambie ukweli. Baba yako ananyamaza kwa sababu yangu?"

"Hapana," nikasema. "Mimi ndiye niliyeijenga mashine isikilize kila kitu upya kama kiziwi. Na ni mimi niliyekupa kitufe kisichojibu. Wewe ulifanya kile ambacho kingefanywa na mtu yeyote anayempenda mtu." Nampenda mama yangu, na katika mwaka mzima sikuwa nimemuuliza hata mara moja jioni zake anazipitishaje.

"Sasa utazifuta," akasema polepole.

"Sifuti hata moja."

"Hata kama zinafanana?"

"Hata kama zinafanana. Nitaifundisha iache kuhangaika nazo. Zitakaa kabatini kwao."

Mama alirudi kwenye sufuria yake. Alipoisuuza akasema bila kugeuka, "Ujumbe mmoja tu unatosha. Kama una hakika hautapotea, mmoja unatosha." Lakini mimi sikufuta. Ziko mpaka leo.

Kazi yenyewe, baada ya kujua pa kushika, ilikuwa ndogo hadi inatia aibu. Rekodi ikifika, isikilizwe mara moja tu, maneno yake yawekwe kwenye faharasa, yaani orodha ya maneno na mahali yalipo. Zinazofanana zihesabiwe kuwa kitu kimoja. Baba akibonyeza, programu inatazama faharasa, basi. Na kitufe cha Hifadhi nikakifundisha adabu: ukikibonyeza, kinakujibu kwa maandishi makubwa, "Imehifadhiwa. Haipotei." Kaka aliletewa mchoro akautazama sana, akasema, "Kwa hiyo haikuwa antena." Nikamwambia pole, na antena nzuri amefunga. Tukapatana hivyo, kwa juujuu, ndivyo tunavyopatanaga.

Ijumaa Mwalimu alikuja na mkoba wa kubebea tableti. Kipara naye alikuwepo, amekaa kwenye stuli yake, suruali ile ile mpya. Tableti ilikuwa mapajani kwa baba, kioo juu. Nilikuwa nimemwambia asubuhi kwamba imepona, naye alinipandishia nyusi tu. Hata hivyo nilimwona akiandika, ulimi nje. Hakubonyeza kitu. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mashine niliijua. Baba ndiye sikujua. Mtu akishaaibishwa na sauti yake mwenyewe, huwezi kumwandikia programu ya kumrudishia ujasiri.

Mwalimu alisalimia, akakaa, akauliza habari. Kimya. Kipara akajaribu kumsaidia rafiki yake, akajipapasa kichwa, akashusha pumzi.

"Mwalimu, usiku wa jana sikulala," akasema. "Nina mawazo mengi sana kichwani."

Nikaona kidole cha kushoto kinanyanyuka. Kikasimama juu ya kioo. Baba alimtazama Kipara usoni, akimpima kama ni mahali pake, kama dada mgonjwa hayumo ndani ya mawazo hayo. Kipara akamkonyeza. Kidole kikashuka.

"Yatateleza tu," ikasema sauti ya baba, papo hapo, Kipara hajafunga hata mdomo, "hayana pa kujishikiza."

Kipara alirusha mikono juu akapiga kelele, "Huyo! Huyo! Wembe amerudi!" Mwalimu alicheka akajifunika uso na ule mkoba mtupu. Baba alikuwa anacheka bila sauti, mabega yanaruka, na kabla hatujatulia akabonyeza tena: "Na hiyo suruali, mwisho wake ni kufutia meza."

Safari hii ilifika mahali pake. Kipara alimkumbatia pamoja na kiti chake cha ngozi. Mwalimu aliondoka na mkoba wake ukiwa mtupu, akiahidi kumtafutia yule mama mwingine kifaa mahali pengine, nami nilimsindikiza hadi barabarani kwa sababu sikutaka wanione uso.

Jioni ikafika. Kipara ameshaenda kumuuguza dada yake, kaka yuko kazini. Mama alikuwa jikoni anamenya vitunguu, nami niko mlangoni nikimsimulia vichekesho vya mchana kana kwamba hakuwepo. Jua liliposhuka nyuma ya ukuta wa jirani, alifuta mikono yake, akachukua simu juu ya kabati. Nilitaka kutoka nimwachie nafasi.

"Mama Kiberiti, nafunga duka, nakuja."

Mama aliitazama simu. Kidole chake kilikuwa bado hewani, hakijagusa kitu. Akanitazama mimi, nami nikatikisa kichwa, sikuwa mimi. Sauti ilitoka sebuleni.

Sikuwa nimemwambia baba chochote kuhusu jioni za mama. Hakuna aliyemwambia. Ila kati ya jikoni na sebule yetu kuna ukuta wa mbao tu, na baba masikio yake ni mazima. Kwa mwaka mzima alikuwa anaisikia sauti yake mwenyewe ikirudi nyumbani upande wa pili wa ukuta, na alikuwa hana njia ya kufika.

Tukasikia kiti cha ngozi kikilia, kisha fimbo ikigonga sakafu, kisha mguu unaoburuzwa. Baba hatembei peke yake. Nikaruka kwenda kumshika, mama akanizuia kwa mkono wenye harufu ya vitunguu. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Akavuta pumzi, akaita kwa sauti kubwa kana kwamba yule mtu bado yuko mtaa wa pili:

"Usichelewe!"

Fimbo ikagonga, mguu ukaburuzwa, fimbo ikagonga tena. Mama akabandika maji ya kuoga. Kisha akasimama mlangoni akimngoja, na mimi niliyesema subira sina nikangoja naye.